Msingi unaovuja na kupasuka: anza na maji, ufa uje mwisho

Ikifika Aprili, masika yakiwa yamekolea, dalili ni zilezile nyumba kwa nyumba. Plasta ya chini imevimba na kubanduka, rangi inatoka magamba, chumvi nyeupe imeota ukutani kama unga, na pembeni mwa dirisha ule ufa uliokuwa mwembamba kama uzi sasa unaingiza ukucha. Mwenye nyumba humwita fundi. Fundi hukwangua, hupiga plasta mpya, hupaka rangi, hulipwa. Masika yanayofuata, yaleyale.

Kwetu Kimara tulifanya hivyo mara tatu. Nyumba iko mteremkoni, ukuta wa nyuma umechimbiwa ndani ya kilima, na kila mwaka chumba cha nyuma kilikuwa kinalowa. Mara ya nne tulimpata fundi mzee aliyekataa kuugusa ukuta. Alizunguka nyumba mara mbili, akainama kwenye tangi la maji lililokuwa kona ya nyuma, akatuonyesha bomba la kutolea maji yanayozidi: lilikuwa linamwaga moja kwa moja juu ya msingi. Bomba la mita 6 na siku moja ya kazi vilimaliza nusu ya tatizo. Nusu ya pili ilichukua miezi kadhaa, na hatua tulizopitia ndizo ninazoziandika hapa, kwa mpangilio ambao ningependa mtu angenipa mapema.

Mpangilio huo una maana. Ukiziba ufa wakati maji bado yanaingia chini ya nyumba, udongo utaendelea kuvimba na kutitia, na ufa utafunguka palepale au utahamia kando yake.

Hatua ya kwanza: zunguka nyumba mvua ikinyesha

Chukua mwavuli utoke. Dakika 20 za kutembea kwenye mvua zitakuonyesha mambo ambayo fundi akija siku ya jua hawezi kuyaona: maji ya paa yanaangukia wapi, yakishafika chini yanaelekea upande gani, na wapi yanatuama. Dimbwi linalogusa ukuta na kubaki pale saa nzima baada ya mvua kukatika lipige picha kabla halijakauka. Utaihitaji picha hiyo utakapokuwa unamweleza fundi.

Hesabu yake ni rahisi. Mvua ya milimita 1 juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Paa la mita za mraba 120 likipigwa na mvua ya milimita 50 kwa siku moja, jambo ambalo si ajabu wakati wa masika, linamwaga lita 6,000. Kama nyumba haina gata, lita zote hizo zinaangukia kwenye mstari mwembamba, hatua moja tu kutoka ukutani, juu ya udongo uleule uliochimbwa na kurudishiwa wakati wa kujenga msingi. Udongo wa kurudishia mara nyingi haukushindiliwa ipasavyo, kwa hiyo hunywa maji upesi kuliko ardhi iliyo jirani yake. Ni kama umechimba mfereji kuizunguka nyumba, halafu ukaufunika.

Hatua ya pili: ondoa shaka ya mabomba na karo la choo

Maji mengine hayatoki angani. Ukuta unaolowa hata katikati ya kiangazi, au majani yanayobaki mabichi kwenye mstari mmoja uani wakati kwingine yamekauka, mara nyingi ni bomba.

Chagua siku ambayo maji ya bomba yapo. Usiku, watu wakishalala, funga koki zote, hakikisha tangi limejaa na tenki la choo halijazi, kisha soma mita. Soma tena baada ya saa 2. Namba zikiwa zimesogea na hakuna aliyetumia maji, kuna mahali panavuja kati ya mita na koki zako. Kama nyumba inalishwa na tangi, funga pia maji yanayoingia tangini na yale yanayoelekea ndani, weka alama ya kalamu kwenye usawa wa maji, uangalie asubuhi. Yakishuka na koki ya kutoka imefungwa, tangi lenyewe au kiungo chake kinavuja. Yasiposhuka, rudia usiku mwingine koki hiyo ikiwa wazi na zile za ndani zikiwa zimefungwa.

Kwa maji machafu, koroga bluu ya kufulia kwenye ndoo, mwaga chooni, kisha fungua chemba inayofuata. Bluu ikichelewa sana, ikifika kidogo tu, au ikijitokeza kwenye ile sehemu yenye unyevu, umempata mwizi wako. Karo au shimo la kuzamishia maji machafu likiwa limesogea sana kwenye ukuta, tuseme chini ya mita 3, lichunguze hata kama halinuki.

Hatua ya tatu: usome ufa kabla ya kuugusa

Hapa ndipo penye kazi ya kufikiri, na ndipo wengi wanaporuka.

Nyufa ndogondogo zilizosambaa kwenye plasta kama ramani, kila mmoja chini ya milimita 1, kwa kawaida ni plasta iliyokauka haraka kwa sababu haikumwagiliwa. Msingi hauhusiki. Gonga kwa mpini wa nyundo: mlio wa debe tupu maana yake plasta imeachana na tofali, nayo inaondolewa na kupigwa upya.

Ufa wa ngazi, unaopanda ukifuata maungio ya matofali kutoka chini kwenda kwenye kona ya dirisha, ni habari nyingine. Huo unakuambia sehemu moja ya msingi imeshuka kuliko nyingine. Angalia wapi ni mpana zaidi. Ukiwa mpana juu na mwembamba chini, mara nyingi mwisho wa nyumba, yaani kona, ndio unaotitia. Ukiwa mpana chini na kufifia juu, katikati ya ukuta ndiko kulikoshuka. Ufa wa mlalo kwenye ukuta uliozuia udongo, kama ule wetu wa nyuma, huwa ni udongo uliolowa unausukuma ukuta kwa ndani, na kama ukuta umeanza kufanya tumbo, usilale kwenye chumba hicho.

Kisha pima. Chora mstari mmoja wa penseli unaokata ufa, andika tarehe pembeni, pima upana kwa rula yenye milimita. Weka alama pia pale ncha ya ufa ilipofikia. Rudi kila baada ya wiki mbili. Ufa ambao haujasogea kuanzia kiangazi hadi mwisho wa masika umelala na unaweza kuzibwa. Ule unaofunguka na kufunga kwa misimu unafuata pumzi ya udongo. Unaopanuka tu bila kurudi ndio wa kuogopa.

Kuhusu udongo: chimba kidogo karibu na msingi, chukua konzi moja, loweka, usokote kati ya viganja. Ukiweza kuufanya uzi mwembamba kama penseli bila kukatika, una mfinyanzi mwingi. Udongo mweusi wa mbuga, ule wa sehemu za Shinyanga, Dodoma na Nairobi, ndio mgumu kuliko wote: ukinywa maji huvimba na kuinua nyumba, ukikauka hujikunja na kuacha nyufa ardhini ambazo mkono unapenya. Kwenye udongo huo, mti mkubwa karibu na nyumba huongeza shida, maana mizizi hunyonya maji upande mmoja wa msingi na kuacha upande mwingine umelowa. Lakini usiukate mti wa miaka mingi kwa pupa. Udongo uliozoea kunyonywa utaanza kushiba maji na kuvimba, na nyumba iliyokuwa inashuka itaanza kuinuka.

Upana wa hadi milimita 5, usiosogea, fundi mwashi mzuri anaumudu. Kati ya milimita 5 na 15, hasa milango ikianza kung'ang'ania fremu, pata ushauri kabla ya kununua hata mfuko mmoja wa saruji. Zaidi ya milimita 15, au sakafu imeinama, au ufa umepita ukuta pande zote mbili na kuendelea hadi kwenye msingi, mtafute mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi ya Tanzania, au bodi ya nchi yako. Gharama ya kumwita inauma, lakini kazi ya kuongeza kina cha msingi chini ya ukuta uliosimama inaua watu ikifanywa kwa kubahatisha. Hufanywa vipande vipande vya mita 1 hivi, kwa kurukaruka, bila kufungua vipande viwili vinavyopakana kwa wakati mmoja. Fundi akikuambia atachimba ukuta mzima siku moja, mwambie asiguse.

Hatua ya nne: yaondoe maji

Funga gata kwanza, zenye mwinamo mdogo kuelekea bomba la kushukia, na bomba hilo lipeleke maji mbali na nyumba, angalau mita 2, au kwenye tangi. Tangi la lita 5,000 likijaa lina uzito wa tani 5, kwa hiyo lijengewe jukwaa lake lenyewe, lisiegemee kona ya msingi. Na bomba la maji yanayozidi, lile lililotutesa sisi, lifike mtaroni.

Halafu ardhi. Usawa wa udongo nje uwe chini ya usawa wa sakafu kwa sentimita 15 au zaidi. Nyumba nyingi zilijengwa hivyo, kisha miaka ikapita, vifusi na maua vikarundikwa ukutani hadi udongo ukapanda juu ya ule mkanda wa kuzuia unyevu uliowekwa kwenye msingi. Kuuchota udongo huo tu kumewahi kukausha vyumba. Kisha tengeneza mteremko: sentimita 10 za kushuka katika mita 2 za kwanza kutoka ukutani. Tumia mfinyanzi wa kushindilia au moramu, katika tabaka za sentimita 15, kila tabaka likilowanishwa kidogo na kushindiliwa kabla ya jingine. Usijaze mchanga mtupu hapo. Mchanga utayapitisha maji chini.

Juu yake mwaga ukanda wa zege kuizunguka nyumba, upana wa mita 1, unene sentimita 7 hadi 10, ukiinama kwenda nje. Uukate maungio kila mita 1.5 hadi 2, na kati yake na ukuta acha nafasi ya sentimita 1 ujaze lami. Ukiunganisha zege hilo na ukuta moja kwa moja, vitavutana na kupasuka mwaka wa kwanza. Mwisho wa ukanda uwe mtaro unaopeleka maji yanakoruhusiwa kwenda, si kwa jirani aliye chini yako. Hili nalisema kwa uzito, kwa sababu mteremkoni maji yako huishia kwenye msingi wa mwenzako.

Kwa nyumba nyingi, kazi ikiishia hapa, ukuta utaanza kukauka wenyewe. Ngoja uone kabla ya kuendelea kutumia pesa.

Hatua ya tano: kinga msingi kutoka nje

Hii ni kwa ukuta uliozikwa ardhini, au msingi unaochuruzika maji hata baada ya hatua ya nne. Fanya kiangazi. Chimba kando ya ukuta kwa vipande vya mita 2 au 3, na usishuke chini ya kitako cha msingi kamwe. Shimo likizidi mita 1.2 kwenda chini, liwekewe mbao za kuzuia kingo zisiporomoke; udongo uliowahi kuchimbwa haumpi mtu onyo.

Sugua ukuta kwa brashi ya waya, osha, ziba mapengo ya maungio, kisha piga plasta ya saruji 1 kwa mchanga 3, yenye dawa ya kuzuia maji kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chombo chake. Imwagilie siku 7. Ikikauka, paka lami ya maji mara mbili, mkono wa pili ukikata mkono wa kwanza kama mkeka, na ufunike kwa nailoni nzito ili kokoto zisiichubue. Chini kabisa laza bomba lenye matundu, likiwa na mwinamo wa sentimita 1 kwa kila mita 1, likitokea mahali pa chini kuliko msingi. Lizungushie kokoto safi, panda na kokoto hizo ukutani, na sentimita 30 za juu funika kwa mfinyanzi ulioshindiliwa.

Ukuta wa kuzuia udongo usio na matundu ya kutolea maji utobolewe matundu hayo. Maji yaliyofungiwa nyuma ya ukuta yana nguvu kuliko saruji yoyote utakayoipaka mbele.

Hatua ya sita: sasa ziba ufa

Ufa uliolala, usiozidi milimita 5: ufungue kwa tindo hadi upana wa sentimita 2 na kina cha sentimita 3 hivi, ndani kuwe kupana kidogo kuliko mdomoni ili kiraka kisichomoke. Ondoa vumbi lote, lowesha, paka uji wa saruji, na kabla haujakauka shindilia mchanganyiko mkavukavu wa saruji 1 kwa mchanga 3. Mchanga uwe wa mtoni na umeoshwa. Mchanga wa baharini huja na chumvi, na chumvi hiyo itavuta unyevu ukutani na kula nondo. Changanya kiasi utakachokimaliza ndani ya saa moja. Mchanganyiko ulioanza kukaza usiongezewe maji ukarudishwa kazini. Vaa glovu, saruji mbichi inaunguza ngozi.

Ufa wa ngazi usiosogea tena unahitaji kushonwa. Kila safu ya tatu ya matofali, chimbua ungio la mlalo kina cha sentimita 4, urefu wa nusu mita kila upande wa ufa. Osha, jaza nusu kwa mchanganyiko, sukumia nondo ya milimita 8 hadi ndani kabisa, kisha jaza na kushindilia. Nondo isibaki karibu na uso wa ukuta, hasa ukiwa Pwani: ikishika kutu huvimba na kukupasulia upya. Ukipata iliyopakwa zinki, bora zaidi.

Pale maji yanapotiririka wakati unafanya kazi, kuna saruji ya kuganda haraka inayoshika ndani ya dakika 3 hadi 5. Ifinyange mkononi mpaka uhisi joto, ibane kwenye tundu, ishikilie bila kuachia. Ni msaada wa dharura. Chanzo bado kiko nje.

Nyumba za kale za mawe na chokaa, kama za Mji Mkongwe wa Unguja na Lamu, zisitibiwe hivi. Kuta hizo hupumua. Ukizifunika kwa saruji, unyevu unafungiwa ndani, unapanda juu zaidi na kuilainisha chokaa iliyoshika mawe. Tumia chokaa iliyoiva na fundi anayeijua.

Hatua ya saba: ndani ya chumba

Unyevu unaopanda kutoka ardhini huishia takriban mita 1, ukiacha mstari wa njano au chumvi. Kwenye sakafu, bandika kipande cha nailoni cha nusu mita kwa nusu mita, kingo zote zikiwa na gundi, ukiache siku mbili. Matone yakiwa chini ya nailoni, unyevu unatoka kwenye jamvi, yaani zege la sakafu. Yakiwa juu, ni hewa ya chumba, na dawa yake ni kufungua madirisha.

Kwangua plasta iliyooza hadi sentimita 30 juu ya mstari wa unyevu. Chumvi ifagie ikiwa kavu na uitupe nje. Ukiiosha kwa maji unairudisha ndani ya tofali. Halafu acha ukuta wazi. Kanuni wanayoitumia wajenzi ni mwezi 1 kwa kila sentimita 2.5 za unene, kwa hiyo ukuta wa sentimita 15 huchukua kama miezi 6. Sisi tulivumilia minne, tukapiga plasta, na kona moja tukairudia.

Plasta mpya iwe ya saruji 1 kwa mchanga 4, isiguse sakafu, acha sentimita 2 utakazozificha kwa ubao wa chini. Usipake puti wala rangi ya mafuta mwaka huo wa kwanza. Rangi ya maji inauacha ukuta utoe unyevu uliobaki. Na zile alama za penseli zenye tarehe zinakiliwe kwenye daftari kabla ya kufunikwa, kwa vipimo vya kutoka kona na kutoka sakafuni, ili masika yajayo ujue pa kuelekeza tochi.